Second Life kwa mgeni: kuingia, kuishi na kutafuta riziki kwa laptopu ya kawaida na bando la kuungaunga

Nikimwambia mtu kwamba jioni huwa naingia Second Life, swali la kwanza ni lile lile: "Unashinda nini humo?" Hakuna cha kushinda. Hakuna adui, hakuna ngazi za kupanda, hakuna pointi. Ni mji wa mtandaoni unaouingia kwa kompyuta, au tuseme mabara kadhaa ya miji, na wewe unatua humo hujui mtu, huna senti, umevaa nguo ulizopewa mlangoni. Kampuni ya Linden Lab ya San Francisco iliufungua rasmi Juni 2003. Mitambo ni yao, lakini karibu kila nyumba, kiti, nywele na mtindo wa kucheza muziki utakaouona umetengenezwa na mkazi fulani, na mara nyingi unauzwa.

Ndiyo maana wengi hukata tamaa siku ya kwanza: wameingia kama wanaoingia kwenye gemu. Ingia kama mtu aliyehamia mji mgeni. Siku za mwanzo unatembea, unaangalia, unajifunza nani anafanya nini. Wenyewe tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Humu jembe usiliombe kabla ya wiki ya tatu.

Vifaa, na jinsi ya kulinda bando

Unahitaji kompyuta. Programu ya simu ipo siku hizi, na inafaa kupiga soga na kuchungulia, ila kujenga na kupanga vitu vyako ni kazi ya kompyuta. Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM 8, haina kadi ya picha ya maana, na inamudu. Programu ya kuingilia unaweza kuchukua ile ya Linden Lab wenyewe au Firestorm, ambayo wakazi wengi wa zamani wanaipenda kwa sababu ina vitufe vingi vya kurekebisha mambo. Mimi natumia Firestorm.

Ukishaingia tu, kabla hujapiga hatua, fungua mipangilio ya picha ufanye haya matatu. Shusha ubora hadi chini kabisa, kisha upandishe kidogo kidogo siku zijazo. Punguza umbali wa kuona hadi mita 64. Ukiuacha kwenye mita 128 au zaidi, kompyuta inapakua majumba ya mtaa wa tatu ambayo huna haja nayo. Halafu zima muziki usijiwashe wenyewe. Karibu kila kiwanja kina redio yake inayotiririka, na hiyo ndiyo hula bando kimyakimya huku unadhani umesimama tu.

Jambo jingine: mahali ukipatembelea mara ya kwanza panakula data nyingi, ukirudi kesho panakula kidogo, kwa kuwa picha zimeshahifadhiwa kwenye diski. Basi usiruke visiwa ishirini kwa usiku mmoja kwa bando la siku. Chagua viwili, vikae kwenye kumbukumbu. Na ukiwa na Wi-Fi ya mtu, hapo ndipo pa kutembelea maeneo mapya.

Kujiandikisha na kupata mwili

Akaunti ya kawaida ni bure na unaweza kukaa nayo miaka bila kulipa chochote. Jina la kuingilia lichague kwa makini, maana ndilo litakalokufuata kwenye kila kitu utakachotengeneza. Jina la kuonekana juu ya kichwa unaweza kubadilisha baadaye. Akaunti mpya hupewa "Resident" kama jina la ukoo. Wazee wa mji wana majina ya ukoo ya zamani, na ukiwaona utawatambua.

Avata, yaani mwili utakaotembea nao humo, wa bure siku hizi wanapendeza vya kutosha. Shida inaanza pale unapotaka kubadilisha nguo. Miili mizuri humo ni bidhaa, kila mmoja ana vipimo vyake, na nguo iliyoshonwa kwa mwili huu haikai kwa mwili ule. Ni kama kununua kava la simu: lazima ujue una simu gani. Kwa hiyo usinunue nguo hata moja kabla hujaamua mwili. Wengi hununua magauni kumi ya bei poa, wakayavaa, mabega yakachomoza nje ya kitambaa, wakadhani wametapeliwa.

Vitu vya bure ni vingi kuliko unavyoweza kuvaa. Kwenye soko lao la mtandaoni panga bidhaa kuanzia bei ya chini, utakuta za Linden sifuri (Linden ni fedha ya humo). Maduka makubwa pia huweka zawadi kwa wanachama wa kundi lao, na baadhi ya makundi kujiunga ni bure.

Wiki ya kwanza: kutembea, kuangalia, kusalimia

Mishale ya kibodi inakutembeza, herufi F inakurusha angani. Kitu ambacho hakuna anayekwambia siku ya kwanza ni kushika Alt halafu kuburuta kipanya: jicho lako linaachana na mwili, linakwenda unakotaka, hata kupita ukutani. Ndiyo, unaweza kuchungulia sebuleni kwa mtu ukiwa umesimama barabarani. Kila mtu anaweza. Kwa hiyo humo usifanye la siri ukitegemea ukuta.

Maandishi unayoandika kwenye soga ya wazi yanasikika mita 20, ukipiga kelele mita 100, ukinong'ona mita 10. Ukitaka kusema na mtu mmoja, mtumie ujumbe wa faragha, lakini msalimie kwanza hadharani. Kuja faraghani kwa mtu usiyemjua, bila salamu, humo kunaonekana kama kumvuta mtu mkono sokoni.

Pa kuanzia napendekeza mawili. Caledon Oxbridge ni kama chuo cha wageni, kimejengwa kwa sura ya Uingereza ya karne ya 19, kuna njia unaifuata na kila hatua kuna bango linalokufundisha jambo moja. Kingine ni kisiwa cha Virtual Ability, kilichoanzishwa na taasisi ya Marekani kwa ajili ya watu wenye ulemavu, lakini mafunzo yake ya ugeni yako wazi kwa yeyote, na ni ya polepole, hayamkimbizi mtu. Kwa anayesoma Kiingereza kwa taabu, hapo ndipo pazuri zaidi.

Baada ya hapo fungua orodha ya matukio. Utakuta wanamuziki wanaoimba moja kwa moja wakiwa nyumbani kwao, madarasa ya lugha, maonyesho ya picha, ibada. Kanisa la Kianglikana humo lilifunguliwa mwaka 2007. Mwaka huo huo tovuti ya IslamOnline ilijenga mfano wa Makka wa kufundishia ibada ya Hija, mtu akapita hatua kwa hatua kabla ya kusafiri. Sweden nayo ilifungua nyumba ya kuitangaza nchi yao Mei 2007, ikaitwa ubalozi, ingawa viza haikutolewa. Enzi hizo magazeti yote yalikuwa humo. Makelele yakaisha, wakazi wakabaki, na kwa maoni yangu ndipo mji ulipokuwa mji.

Mimi nilichopenda ni bahari. Kuna maji mengi yaliyounganishwa, unaweza kusafiri saa nzima kwa mashua bila kugusa nchi kavu. Sasa sikia kilichonikuta. Dunia hii imekatwa vipande vya mraba, mita 256 kwa 256, na kila kipande kina seva yake. Unapovuka mpaka, seva moja inakukabidhi kwa nyingine. Siku hiyo intaneti ilikuwa inakohoa. Nilivuka mpaka, mashua ikabaki upande ule, mimi nikaingia upande huu nikiwa bado nimekaa, mkono umeshika usukani usiokuwepo, nikazama taratibu mpaka chini ya bahari. Mashua haikupotea. Niliikuta baadaye ndani ya ghala langu, yaani orodha ya vitu ninavyomiliki humo, kwenye folda ya vilivyopotea na kupatikana. Tangu hapo nikikaribia mpaka napunguza mwendo, sibonyezi kitu, nasubiri sekunde tatu nne.

Linden, shilingi, na hesabu ya kweli

Fedha ya humo inaitwa dola ya Linden. Kwa miaka mingi imechezea karibu Linden 250 kwa dola moja ya Marekani. Mtanzania ana bahati ya hesabu rahisi: Linden moja ni kama shilingi 10. Ukiona kiti cha Linden 300, soma shilingi elfu tatu. Mkenya agawanye kwa mbili: Linden 300 ni kama shilingi 150 zao.

Ukifanya hesabu hiyo kabla ya kuota, utalala salama. Nilipoanza kuwa mkaribishaji kwenye ukumbi wa muziki, kazi yangu ilikuwa kusalimia kila anayeingia kwa jina, kutangaza wimbo, kukumbusha watu wamtunze DJ. Saa mbili, nikapata Linden 350 kwenye kopo la kutunzwa. Shilingi 3,500. Kwa bando nililotumia nilibaki na nauli ya daladala. Sikuacha, kwa sababu pale ndipo nilipojua watu wanachohitaji, na hilo ndilo lililonipa kazi ya pili.

Yupo mkazi aliyejulikana kwa jina la Anshe Chung, ambaye Mei 2006 alitokea kwenye jalada la jarida la BusinessWeek kwa utajiri wa kununua, kupamba na kupangisha ardhi ya humo. Habari yake bado inawatia watu wazimu. Alikuwa wa mwanzo, wakati ardhi inagombewa. Leo ukiambiwa ununue viwanja upangishe, uliza kwanza viwanja vingapi jirani viko vitupu.

Kutengeneza kitu cha kwanza: jamvi

Hapa nitakaa kidogo. Kazi yangu ya kweli ni kuchapisha kadi na mabango kwenye steshenari, kwa hiyo najua picha. Nikiwa mkaribishaji niliona jambo: watu humo wanatafuta pa kukaa muda wote. Wana majumba ya kifahari, bustani, ufukwe, halafu wanasimama kama nguzo. Nikasema nitatengeneza jamvi.

Nenda kwenye uwanja wa kujengea wa umma. Iko mingi, bure, ila vitu vyako vinafagiwa baada ya saa kadhaa, kwa hiyo usiondoke bila kuvichukua. Bonyeza Ctrl na B pamoja, halafu bofya chini. Linatokea boksi la mbao la nusu mita kila upande. Kila kitu kilianzia hapo.

Kwenye dirisha la kujengea andika vipimo: X mita 2, Y mita 1.5, Z 0.01. Boksi linabonyea linakuwa kipande chembamba sakafuni. Tayari una umbo la jamvi.

Sasa picha. Nilipiga picha ya mkeka wa ukili wa nyumbani, wa rangi tatu. Ya kwanza nilipiga saa saba mchana juani, ikatoka na kivuli cha kichwa changu. Ya pili nikaipiga kivulini asubuhi, simu nimeiinua juu ya mkeka ikitazama chini, ikakubali. Kwenye GIMP, programu ya bure ya kurekebisha picha, nikaikata mraba, pikseli 1024 kwa 1024, nikatumia ile amri ya kuisogeza picha nusu ili kingo zije katikati, nikaziba mshono kwa mkono. Usipofanya hivyo, picha ikirudiwa mara mbili kwenye jamvi utaona mstari unaokata katikati kama kiraka.

Kupakia picha moja kunagharimu Linden 10, na hairudi. Kwa hiyo usipakie ya kujaribia. Dirisha la kuchagua picha lina sehemu ya picha za ndani ya kompyuta yako, ambazo wewe tu unaziona: jaribu humo bure hata mara hamsini, rekebisha, ukiridhika ndipo upakie. Kabla ya kujua hilo nilichoma Linden 130 kwa mkeka mmoja.

Ukimaliza, kaa. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kukaa. Mimi nilikaa, na miguu ikazama ardhini hadi magotini, kwa sababu mfumo unadhani kila kitu ni kiti. Inabidi uweke ndani ya jamvi mikao unayoitaka, kukunja nne, kuegemea, kulala ubavu, pamoja na skripti, yaani maelekezo ya kompyuta yanayokaa ndani ya kitu, ya kuipanga. AVsitter ni skripti ya bure inayotumiwa sana kwa kazi hiyo. Mikao yenyewe wanauza wataalamu. Nunua ile yenye ruhusa ya kuuzwa ndani ya bidhaa yako, na usome masharti yake yote, hasa yale ya chini kwa herufi ndogo.

Mwisho ni ruhusa za mnunuzi, na hapa wageni wengi wameporwa kwa hiari yao. Kuna tatu: kunakili, kurekebisha, kuhamisha. Ukimpa mtu kunakili na kuhamisha kwa pamoja, umempa kiwanda. Jamvi langu linanakilika na linarekebishika, halihamishiki. Angalia pia vilivyomo ndani, maana mikao na skripti zina ruhusa zao tofauti na za jamvi.

Nikaliweka sokoni kwa Linden 75, na picha ya watu wawili wamelikalia chini ya mnazi. Wiki mbili kimya. Halafu mama mmoja wa Uholanzi akaniandikia: linapatikana la buluu? Nikamtengenezea la buluu, akaninunulia manne, akawaambia wenzake. Mpaka leo la buluu ndilo linalonunuliwa zaidi, wakati mimi nalipenda lile la asili.

Kazi nyingine

Ambaye hana mkono wa kuchora, ziko kazi nyingine: DJ, mpiga picha za avata, mtunza ukumbi, mpambaji wa majumba ya watu, mwandishi wa skripti. Ya mwisho ndiyo inayolipa vizuri kwa kipimo cha saa, nionavyo mimi, kwa sababu wachache wanaiweza. Lugha yake inaitwa LSL, na kijana aliyewahi kugusa programu yoyote ataishika kwa wiki chache. Skripti ya kufungua mlango, kopo la kutunzwa linalomshukuru mtoaji kwa jina, taa inayowaka ukiigusa: vitu vidogo hivyo vina wateja.

Kuhusu nyumba, usikimbilie. Anayelipia uanachama wa Premium anapata Linden 300 kila wiki na haki ya kiwanja cha mita za mraba 1,024, anaweza pia kuchagua nyumba ya tayari kwenye bara la Bellisseria lililofunguliwa 2019, zikiwemo nyumba za kuelea majini. Kiwanja cha ukubwa huo kinabeba vitu 351 kwa hesabu yao, na sofa moja iliyotengenezwa ovyo inaweza kula 40. Anza na nyumba ya kupanga ya wiki. Ukilipa kodi wiki nane bila kuumia, ndipo ufikirie uanachama.

Kutoa fedha

Njia ya kutoa fedha ijue kabla hujaanza kuzitafuta. Unauza Linden kwenye soko lao la fedha zinakuwa dola, halafu unaomba dola zitumwe nje, kwa mfano kwenye akaunti yako ya PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni. Kila hatua inakatwa ada, kwa hiyo kutoa dola tano tano ni kuwalisha wao. Utatakiwa kuthibitisha utambulisho, kwa hiyo jina la kweli kwenye akaunti lifanane na la kitambulisho. Halafu jambo kubwa: akaunti za PayPal hazifanani kutoka nchi hadi nchi. Nyingine zinaweza kulipa tu na haziwezi kupokea. Kenya, tangu 2018, kuna njia ya kuhamisha kutoka PayPal hadi M-PESA. Kwingine ingia kwenye akaunti yako uangalie kama ina uwezo wa kupokea, ujue leo, sio siku una dola sitini zimekwama.

Wezi wa humo

Wa kwanza ni kiungo. Mtu anakutumia "tazama zawadi hii sokoni", unabofya, ukurasa unafanana kabisa na wa kuingilia, unaandika nywila yako, kwisha. Soko liingie mwenyewe kwa anwani uliyoihifadhi.

Wa pili ni kitu kinachoomba ruhusa ya kukata Linden kwenye akaunti yako. Kitu cha kawaida hakiombi hivyo. Mashine yako mwenyewe ya kuuza na kurudisha chenji ndiyo inaweza kuomba. Mpira wa kucheza muziki, ule unaoubofya avata wako akaanza kucheza, ukiomba ruhusa ya kutoa fedha zako, kataa na uondoke.

Wa tatu tunamjua hata sisi, wa panda uvune. Mwaka 2007 humo kulikuwa na "benki" iliyoitwa Ginko Financial, ikiahidi riba ambayo haipo duniani. Mwezi Agosti ikaanguka na akiba za watu. Linden Lab wakapiga marufuku benki za aina hiyo kuanzia Januari 2008. Marufuku ipo, wajanja hawajaisha; sasa wanaziita "uwekezaji wa ardhi".

Saa

Matukio yote yanatangazwa kwa saa za California. Vitabu vitakwambia ongeza saa 10 kati ya Machi na Novemba, na 11 miezi iliyobaki. Kwa anayehesabu saa za Kiswahili kuna njia fupi: ongeza nne juu ya saa yao kama wanavyoisoma wao. Tamasha la saa 12 mchana kwao: 12 na 4 ni 16, toa 12, unapata saa nne usiku kwetu. La saa 9 asubuhi yao ni saa moja usiku. La saa 7 jioni yao ni saa 11 alfajiri, waachie wenyewe. Miezi ya baridi yao ongeza tano badala ya nne.

Saa tatu hadi saa tano usiku ndiyo nzuri kwetu: Ulaya wametoka kazini, California wanakula chakula cha mchana, kumbi zimejaa. Mimi huingia saa tatu na robo, baada ya kufunga duka. Kwanza nasoma ujumbe wa wateja, halafu natandika jamvi la maonyesho pale ukumbini, nalikalia, nangoja atakayekuja kuuliza kama lina rangi nyingine.